Madamu na Kipande cha Chini

Siku ya kuondoa matanga yake, watu walipokezana maikrofoni na kusema kwamba Madamu alikuwa mama mpole. Mpole! Niliuma meno. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Chefu, mkuu wa mradi wa mito tuliofanyia kazi. Alikuja na suti na miwani ya jua, akatangaza kwamba Madamu alikuwa mwanga wa mazingira yetu. Mtu huyohuyo alikuwa akijifungia ofisini kila aliposikia mabuti ya Madamu kwenye koridoo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, Fanta ikapata joto mkononi mwangu, na nikaapa kwamba nikifika nyumbani nitaandika alivyokuwa. Madamu hakuwa mpole hata siku moja, na inanikera kuona wanampaka upole sasa kwa kuwa hawezi kuwajibu.

Tulimwita Madamu kwa sababu alikuwa mwalimu wa biolojia, na nusu ya watu wanaokaa kwenye viti vizuri mjini Bujumbura walipita mikononi mwake. Alipostaafu alipewa kazi ya kuangalia samaki wa asili katika mito inayoshuka kutoka milimani, ikakatiza mji na kuingia ziwani. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi yenyewe inaelezeka. Unachagua kipande cha mto, tuseme kirefu kama uwanja wa mpira. Unakieleza chote kwa maandishi: chini kuna nini, kingo zikoje, kivuli kinatoka kwa mti gani, maji yana kina gani na yanakwenda kwa kasi gani. Kisha unavua, unahesabu, unawarudisha samaki majini. Msimu ukirudi, nawe unarudi palepale na kuanza upya.

Samaki peke yao hawakuambii kitu. Wakipungua, ni maelezo ya mahali yatakayokuonyesha sababu. Ndiyo maana kipande hakihamishwi, hata kama pamekuwa pabaya kiasi cha kukutia aibu. Kwa Madamu hilo lilikuwa sawa na amri ya kanisani. Aliweza kukusamehe ukichelewa, ukipoteza wavu, hata ukimdanganya. Kuhamisha kipande asingekusamehe.

Maneno pia yalikuwa na sheria zake. Siku zangu za mwanzo niliandika kwamba ukingo wa kushoto ni mchafu. Alisoma, akanirushia karatasi.

"Muchafu ni nini? Iko mavi? Iko plastiki? Iko mafuta ya gari? Samaki atajua je kama we unaogopa kusema?"

"Ni mavi na plastiki, Madamu."

"Basi andika mavi! Uliona wapi mutu anaonea mavi haya na yeye anasimama ndani?"

Neno "pazuri" nalo alilikataza. Maji hakuyagawa kwa maneno ya vitabuni. Alikuwa na maji ya kelele, yale yanayoruka juu ya mawe; maji ya kutembea, yanayokwenda taratibu; na maji ya kulala, yaliyojikusanya kwenye kina. Ukimwambia kipande kina maji ya kelele mahali pamoja tu, angefumba macho, asikilize, halafu akuulize kama masikio yako uliyaacha nyumbani.

Na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mtoni kutoka juu. Tuliingilia chini na kupanda dhidi ya maji, ili tope tunalolitibua lipite nyuma yetu lisituharibie tunachokwenda kukitazama. Kuna mgeni mmoja aliyetumwa na wafadhili, alitaka kupiga picha, akarukia majini upande wa juu yetu na kamera yake shingoni. Madamu alimfokea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, kwa mpangilio huo, kwa kadiri hasira ilivyozidi. Mgeni alitoka akiwa ameacha kiatu kimoja kwenye tope. Madamu alikiokoa kiatu, akakitupa ukingoni, akaendelea na kazi. Ofisini waliniita mimi kuniuliza kwa nini sikumtuliza. Ningemtulizaje?

Nikisema hivi mtu atadhani nilimpenda kila siku. Kuna siku nilimchukia kabisa. Alimtukana binti mmoja wa chuo kikuu mbele ya vibarua mpaka akalia, kwa kosa la kuchanganya ukingo wa kushoto na wa kulia, kisha akashangaa binti hakurudi. Mama yangu alipolazwa nikakosa kazini, alinipigia simu kuuliza wavu niliuacha kwa nani. Wavu! Jioni nilipofika hospitali nikamkuta Madamu ameshafika kabla yangu, ameleta maharage kwenye termosi, na anabishana na mama yangu kama maharage yanatiwa vitunguu mwanzoni au mwishoni. Mama alifurahi, mimi sikufurahi. Pole hakuniambia siku ile wala nyingine.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na ukimwonyesha alikujia juu. Hakujua kuogelea, ziwa alikuwa akiliogopa wazi. Tukienda ufukweni Kajaga Jumapili, watu wote wanakaa wakitazama maji, yeye anageuza kiti na kulielekezea ziwa mgongo. Tilapia waliotoroka kwenye mabwawa ya kufuga wakaingia mtoni aliwachukia. Tuliwahesabu pembeni, na ole wako uwajumlishe na samaki wa kwetu ili hesabu ipendeze. Lakini nyumbani kwake Musaga, karibu kila Ijumaa, alikaanga tilapia. Nilimuuliza.

"Mi nawapunguza," alisema, akiwa anafyonza kichwa.

Sasa niseme habari ya mawe, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea mwishoni. Kila kipande kinahitaji alama ya kuonyesha kinapoanzia na kinapoishia. Vyuma hatukuweza kuweka, vingechukuliwa vikauzwe chakavu kabla hatujafika nyumbani. Madamu akaamua tupake rangi ya njano mawe makubwa, yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba. Tulijiona wajanja. Tulisahau tunaishi mji gani. Bujumbura inajengwa, na jiwe la mtoni lina mteja. Mawe yetu yalianza kupotea, tukapaka mengine, nayo yakapotea upesi zaidi. Mwishowe wavunja mawe wenyewe walituambia, bila ubaya wowote, kwamba walidhani rangi ile ni ya serikali, ya kuonyesha mawe yaliyokaguliwa na kuruhusiwa kuchukuliwa. Kwa hiyo walianza na ya njano.

Jiwe moja tulilikuta Kinindo, limejengwa kwenye ukuta wa nyumba ya ghorofa, upande wa njano umetazama barabarani. Madamu alisimamisha gari, akagonga geti.

"Fungua. Hii jiwe ni yangu."

Mlinzi alicheka, kisha akaona Madamu hacheki. "Madamu, hii ni ukuta ya boss."

"Mi siulizi ukuta. Naulizia mupaka wangu."

Mlinzi alimletea kiti. Alikaa pale jua likimpiga mpaka mwenye nyumba akarudi, na kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akashuka garini akiinamisha kichwa kama yuko darasani. Alimpa kinywaji, akaahidi kumpelekea mtoni lori zima la mawe. Madamu alikunywa kinywaji chote huku akimsema. Alimwambia mawe yako mengi, lakini lile lilikuwa linakaa mahali, na mahali pale yeye mwanafunzi mpumbavu amepaweka kwenye ukuta. Tuliondoka bila jiwe.

Usidhani alikuwa na ugomvi na maskini wa mtoni. Wanawake wanaoteka mchanga kwa mabeseni na kuponda kokoto kwa nyundo aliwatetea kila mahali. Ofisini walipotaka polisi iwafukuze, alipiga meza akasema beseni halimalizi mto. Alikaa nao mchana, akala ubugali wao kwa mboga za lengalenga, akawatukana nao wakamtukana. Mmoja tulimwita Mama Uvira, Mkongomani aliyevuka mpaka zamani na watoto wake, mdomo wake mkali kama wa Madamu. Hao wawili walielewana kwa matusi. Hasira yake Madamu aliiweka kwa malori. Nyuma ya kila lori alijua kuna tajiri, na nyuma ya tajiri kuna ruhusa yenye mhuri.

Mto nilioujua naye vizuri zaidi ni Kanyosha, na pale tulikuwa na Kipande cha Chini, karibu na unapoingia ziwani. Kuna samaki wadogo, wana masharubu mafupi na vidoa vyeusi ubavuni, wanatoka ziwani mvua zinapoanza, wanapanda mto kwenda kutaga kwenye changarawe za juu. Lazima wapite Kipande cha Chini. Ndio mlango wao. Madamu akiwapata kwenye wavu alikuwa akiwasemesha kwa Kirundi, polepole, sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipata kwake. Aliwahesabu, akawaachia mmoja mmoja, kisha akanigeukia na kunikaripia kwa nini nimesimama bure.

Ugonjwa wa sukari ndio uliomtoa mtoni. Macho yalianza na ukungu, yakaishia kwenye giza. Akabaki anatambua tu dirisha liko upande gani. Alirudi Musaga, na Chefu, aliyekuwa ofisini tangu zamani, akapewa mradi wote. Sina haja ya kumwonea Chefu. Alikuwa na diploma nzuri, na hakuwa mwizi. Alikuwa mtu anayependa ripoti zisimletee taabu, na mtu wa namna hiyo anaweza kuua mto bila kulowesha kidole.

Malori yalishuka hadi Kipande cha Chini. Yalichimba mpaka wavu wetu ukawa unatoka na tope tupu. Niliandika kila kitu nilivyofundishwa. Chefu alisoma, akaniita, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba kipande kile hakifai tena, tukibadilishe. Alikuwa ameshapata mahali pengine, juu milimani, penye miti na maji safi, na samaki waliokwama huko juu, wasioweza kushuka wala kurudi. Tungepaita Kipande cha Chini vilevile. Ripoti ingesema samaki wa asili wapo, mto hauna neno. Na kwa karatasi hiyo wenye malori wangeongezewa ruhusa yao. Samaki wa vidoa wangekwisha huku karatasi ikisema wanaongezeka.

"Apana, Chefu," nilisema. "Kipande akihamishwi."

"Et qui va prouver, nani ataonyesha kama ile shimo ndiyo kipande?" aliuliza. "Alama iko wapi?"

Alama zilikuwa kwenye kuta za watu. Wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake kusikiliza na kuamua, na neno la msaidizi kwao ni upepo. Mtu pekee ambaye wangemsikiliza ni yule aliyekichagua kipande kwa miguu yake mwenyewe. Nilichukua teksi kwenda Musaga.

Nilimkuta barazani anachambua maharage kwa vidole. Nilimweleza. Hakuniacha nimalize.

"Mi siwezi kusemea pahali sijafika. Nipeleke."

"Madamu, wewe huoni."

"Nani amekuuliza macho? Nipeleke."

Alivaa mabuti yake ya zamani. Nilimshika mkono kutoka barabarani, tukashuka kwenye njia iliyopasuliwa na matairi, naye akanivuta kila hatua kana kwamba mimi ndiye kipofu. Tulipofika ukingoni, tuseme mahali ulipokuwa ukingo, alisimama.

"Niambie. Ukingo ya kushoto?"

"Imekatwa, Madamu. Malori inashukia hapo."

"Miti?"

"Hakuna."

"Usiniambie tu hakuna. Ile mikuyu?"

"Wamekata. Hata kisiki hakuna."

"Chini iko nini?"

"Tope. Na mashimo, maji imelala ndani."

"Maji ya kelele iko wapi?"

Nilitazama huku na huku, kama mjinga, kana kwamba ningeyaona nikijitahidi. "Haiko."

Alitega sikio. Palikuwa na nyundo zinagonga mawe kwa mbali na lori linarudi nyuma. Maji hayakusema chochote. Kisha akauvuta mkono wake kutoka kwangu.

"We umenileta pengine."

"Madamu, ni hapa."

"Apana. Kipande yangu mi naijua. Hapa si pale." Uso wake ulikunjamana. "Kumbe amekununua, yule Chefu. Na we umehamisha. We, mutoto nilikufundisha mwenyewe!"

Sijawahi kukasirika vile, tangu nizaliwe. Nilikuwa nimegombana na mkuu wangu, nimeweka kazi yangu rehani kwa ajili ya sheria yake, na sasa nimesimama katikati ya kipande chake kilichochinjwa, ananiambia mimi ndiye mhaini. Nilipiga kelele. Nilimwambia ni hapa, ni hapa, hapa tuliposimama ndipo tulipowavua, ni hapa ulipomfokea yule mgeni, ni hapa, mama, ni hapa! Aligeuza kichwa pembeni kama anayesikia mlevi barabarani.

Nyundo moja ikanyamaza.

"Madamu? Ni we? Ulipotelea wapi, mwanamuke ya matusi?"

Madamu alishtuka. "Mama Uvira. We unafanyia kazi wapi siku hizi?"

"Palepale. Mi sijahama. Niko napiga mawe pahali ulikuwa unanitukana, chini ya mukuyu, ila mukuyu ndo haiko."

"Hapa?"

"Hapa, dada yangu. Unataka nikuapie na watoto?"

Madamu hakutaka kiapo. Alisogea mbele peke yake, mikono imetangulia, mguu mmoja ukazama kwenye shimo hadi gotini, na nilipomkimbilia alinipiga mkono. Aliinama. Sketi yake ya kanisani ilitandazika kwenye tope. Akaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akapapasa, kama mtu aliyeangusha pete. Alikuwa anatafuta changarawe. Mama Uvira alisimama na nyundo yake, hakumtukana. Madamu alitoa konzi ya tope, akalinusa, akaliminya likatoka katikati ya vidole.

"Mbwa," alisema. Kisha kwa Kirundi akasema mengine nisiyoweza kuyaandika. Alikuwa analia na anatukana kwa pumzi moja, na sikujua lipi nilitulize.

Kesho yake nilimpeleka ofisini Kinindo. Hakutaka kubadilisha nguo. Aliingia katika chumba cha mkutano na sketi ileile, tope limekauka linamdondoka kwenye zulia, na wafadhili wakasogeza viti vyao. Chefu alionyesha picha za mahali papya, akaeleza kwamba kipande cha zamani hakijulikani tena kilikuwa wapi. Madamu alisimama. Alikuwa ameelekea dirishani kwenye mwanga, akimpa Chefu bega, na hakuna aliyethubutu kumgeuza.

"Kinajulikana," alisema, Kifaransa chake safi cha darasani. "Ni lile shimo. Nilifika jana. Nimepaona."

Chefu alikohoa. "Madamu, kwa heshima yote, wewe sasa..."

"Nimesema nimepaona."

Kipande cha Chini hakikuhamishwa. Niweke wazi kwamba hilo tu ndilo tulilopata. Malori hayakuondoka, mtoa ruhusa alisema atalitazama suala hilo, na bado analitazama. Mvua zilipoanza nilirudi na wavu. Niliandika mashimo, niliandika matairi, niliandika malori na rangi zake, moja moja, kama nilivyokuwa nikiandika miti. Jioni nilimpigia simu. Madamu alikuwa amelazwa, sauti imekwisha, na muuguzi ndiye aliyemshikia simu sikioni.

"Hakuna samaki hata mmoja, Madamu," nilisema.

Nilisikia anavuta pumzi kwa shida. Nilidhani ananiaga.

"Rudi kesho," alisema, akamwambia muuguzi akate.

Nilirudi. Hakuna.